Kumpunga Shangazi

Jumatatu, 10 Februari

Joto. Saa mbili asubuhi na shati limeshanata mgongoni. Kaskazi ya mwaka huu haina adabu.

Rukaiya amepiga simu kutoka Matemwe. Ni binti wa Shangazi, mwalimu, na huzungumza na mimi kama ninakaa dawati la nyuma. Amesema atakuja Jumamosi na gari. Akimkuta mama yake anatota jasho kama safari iliyopita, atamchukua akafunge Ramadhani huko kwake, kwenye hewa ya pwani, na hatamrudisha. Nimemwambia mama yake yumo salama mikononi mwangu. Ameuliza kama ni mikono ile ile ya safari iliyopita. Sikulipenda lile swali.

Shangazi Salhiya ana miaka themanini na tatu. Alinilea tangu nina miaka mitano, baba alipofariki, humu humu katika nyumba hii ya mtaa wa Malindi, hapa mjini. Sasa nina hamsini na mbili na bado ananiuliza kama nimenawa mikono. Akiondoka yeye, nyumba itabaki mawe na chokaa, na mimi ndani yake. Sitaki. Nimeandika sitaki, na nimelipigia mstari.

Zamani hatukujua joto humu ndani. Baada ya adhuhuri Shangazi alikuwa akimwagia maji sakafu ya ukumbi, akatandika mkeka, tukalala mimi na Rukaiya, mmoja huku mmoja kule. Mtungi pembeni, maji yake yana harufu ya ubani. Nje muuza kahawa anagonga vikombe. Upepo ulitoka uani, ukapita juu yetu, ukapanda ngazi, na mapazia ya juu yakavimba. Sijui ule upepo ulikwenda wapi. Nadhani ni mabadiliko ya tabianchi.

Nimemwuliza Shangazi afanyiwe nini. Amesema nifungue mlango wa uani. Nimemweleza kwamba haiwezekani, majokofu yangu yamekaa pale. Matatu, ya biashara ya malai, barafu tamu za kulamba. Yamekufa, lakini hayajafa kabisa.

Jumanne, 11 Februari

Nimepata kiyoyozi! Hoteli moja inabadilisha vyumba, na Mcha, rafiki yangu wa barazani, amekiokoa kisitupwe. Mcha husema anajua umeme. Tumekifunga chumbani kwa Shangazi, ghorofani. Baridi haitaki tundu, kwa hivyo nimeziba madirisha yote manne kwa mbao na utepe wa gundi. Hata vile vitundu vya juu karibu na boriti, ambavyo aliyejenga aliviacha sijui kwa sababu gani.

Tumewasha saa nane mchana. Baridi ya ajabu. Shangazi ameomba shali. Nimeipiga picha ile shali na kumpelekea Rukaiya, bila maneno. Picha inatosha.

Dakika kumi na mbili. Kisha kitu kikalia ukutani, na kichochoro kizima kikakosa umeme.

Bi Shemsa, jirani wa dirisha linalotazamana na letu, ametoa kichwa akauliza ni nani. Hakungoja jibu. Amesema tangu nina miaka saba, nikigusa waya mtaa mzima unaingia kiza. Uzushi mtupu. Ilikuwa mara mbili.

Mcha amekwenda kutafuta kipuri. Hajarudi. Mbao nazo zimekataa kubanduka, gundi imekuwa nzuri mno. Shangazi ameuliza: na mlango wa uani? Nimemwambia kesho.

Jumatano, 12 Februari

Amekuja Ummkulthum, mhudumu wa afya wa mtaa, na daftari lake. Msimu huu wa joto anapita kwa wazee wote. Amenieleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Maji kidogo kidogo, hata kama mzee hasemi ana kiu. Kitambaa cha maji shingoni na miguuni. Nguo nyepesi. Asikae juu mchana, ateremke chini penye sakafu baridi. Nimtazame kila saa. Akianza kusema mambo yasiyoeleweka, au ngozi ikawa ya moto, nisingoje kitu, nimkimbize hospitali. Kisha ametazama mbao zangu na kuuliza madirisha yamefanya kosa gani.

Mpango wake si mbaya, ila hauna nguvu. Kitambaa! Nimekwenda soko la samaki nikarudi na bonge la barafu, nikaliweka kwenye beseni mbele ya feni, maana umeme umerudi. Barafu ile ilikuwa imelaliwa na samaki aina ya changu. Saa sita chumba kikanuka mnada. Saa sita u nusu akapanda ngazi paka wa kwanza. Nimewahesabu mpaka kumi na mmoja nikaacha. Shangazi amecheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya kanga. Amesema tangu harusi ya Rukaiya hajapata wageni wengi namna hii.

Saa nane barafu ilikuwa maji na paka wameondoka. Nimeingia na kikombe cha maji. Shangazi amenitazama, akasema, "Machano, mtoto keshakula?"

Machano ni baba yangu. Mtoto ni mimi.

Niliogopa. Sijapata kuogopa vile tangu utoto. Mkono wake ulikuwa wa moto na mkavu. Nimemwita Bi Shemsa kupitia ufa wa mbao, na yeye, na magoti yake mabovu, amefika kabla sijamaliza jina lake. Tumemteremsha ukumbini. Tumemlowesha kanga, tumempepea kwa vipepeo vya jikoni. Ummkulthum kaja mbio na gari ya mtu. Hospitali wakamtundikia dripu. Magharibi tumerudi naye nyumbani. Daktari amesema dawa zake anazo, anachokosa ni upepo.

Nimekaa miguuni pake. Ameshanijua. Ameniuliza kama nimenawa mikono. Nikalia kidogo. Aliona, akajifanya anatafuta tasbihi.

Alhamisi, 13 Februari

Upepo, basi. Kama hauji wenyewe utaletwa na watu. Mpango: akina mama wa mtaa kwa zamu, wawili wawili, kila mmoja na kipepeo chake, tangu adhuhuri mpaka magharibi. Nimeandika kwenye kundi letu la mtaa, simuni. Nilikuwa na haraka, nikafupisha: "Shangazi hali yake si nzuri. Daktari kasema ni mambo ya upepo. Natafuta watu wa kumpunga. Waje leo leo."

Majibu yamekuwa ya heshima isiyo ya kawaida. Watu wameniombea. Mmoja akauliza kama ni wa nchi kavu au wa baharini. Nikajibu wa baharini, ndio mzuri zaidi.

Baada ya alasiri mlango ukagongwa. Si akina mama. Ni mzee mwembamba mwenye kofia ya viua, Fundi Jaku, mganga aliyeitwa na watu wa kundi, katoka Mkokotoni, na wenziwe wanne, ngoma mbili, chetezo, na ubani wa kutosha mtaa mzima. Nyuma yao Bi Shemsa, kashika ukuta kwa kicheko. Ameniambia mtu hupunga upepo akiwa mzima wa afya, na anayepungwa ni mwenye pepo kichwani, na miaka hamsini na mbili mjini hapa bado nataka kufundishwa.

Najua. Nilifupisha tu.

Nilitaka kuwarudisha. Shangazi akasema wageni hawarudishwi mlangoni, waingie. Fundi Jaku akatoa shikamoo yake, Shangazi akaitika marahaba, akamtazama sana, akamwuliza yeye ni wa nani. Kumbe mama yake Fundi alisoma chuo kimoja cha Kurani na Shangazi. Ikawa hakuna tena ngoma. Wamezungumza saa nzima: nani kafariki, nani kahama, maji ya mtungi yalivyokuwa matamu, mwalimu wao wa chuo alivyokuwa akilala na bakora mkononi. Sijamwona Shangazi kachangamka hivyo tangu mwaka juzi. Wapiga ngoma walikaa wanatota jasho, wamevua kofia.

Mwisho Fundi akainuka, akawasha chetezo, akasimama nacho katikati ya ukumbi. Moshi ukapanda wima. Haukwenda kushoto wala kulia. Akautazama, akatazama kuta, akauliza ule ni mlango wa wapi. Nikasema wa uani, una majokofu.

Akamgeukia Shangazi. "Bi Salhiya, wewe huna pepo. Nyumba yako ndiyo haina upepo."

Shangazi akajibu, kwa sauti ndogo, kwamba hayo ameshayasema tangu Jumatatu. Na mwaka juzi.

Wapiga ngoma wameyatoa majokofu yote matatu mpaka nje, kwa muda wa kunywa chai. Kisha wakapanda juu wakang'oa na mbao zangu. Mlango wa uani ukafunguka, bawaba zinalia. Na moshi wa chetezo ukainama. Ukazunguka kidogo, ukaiona ngazi, ukapanda. Juu kule pazia likavimba.

Nikawa tena na miaka sita. Nilisikia mpaka vikombe vya kahawa, na kichochoroni hakukuwa na mtu. Nimekwenda jikoni kuwapikia wageni kahawa, nisionekane uso.

Ijumaa, 14 Februari

Nimemwagia maji sakafu. Nimetandika mkeka. Nimenunua mtungi mdogo na kuufukiza, Shangazi kasema nimeuunguza lakini ameyanywa maji. Kila saa namtilia kikombe na kumwekea kitambaa shingoni. Amelala ukumbini tangu nilipotoka msikitini, upepo unampitia, kanga inatikisika pembe. Nimekaa namtazama. Hakuna kazi nyingine niliyoitaka leo.

Ummkulthum amepita, ameandika kitu kirefu daftarini na kutabasamu. Nimemwambia mpango wangu umefaulu. Amesema naam.

Jumamosi, 15 Februari

Rukaiya kaja saa nne, na gari, na mto wa kumwekea mama yake kichwa njiani. Akamshika paji la uso. Limepoa. Akamshika mkono. Umepoa. Akaonekana kama mtu aliyejiandaa kugomba na sasa hana la kugombea.

Akatazama mlango wa uani, akatazama mkeka. Akavua viatu. Akasema anajinyoosha dakika tano tu. Amelala mpaka alasiri, mdomo wazi kama zamani, yeye huku mimi kule, na Shangazi katikati anatupepea sote wawili kwa kipepeo cha jikoni, ingawa upepo ulikuwepo.

Alipoamka kasema mama yake atabaki. Sharti moja: mlango wa uani usizibwe tena. Nimeapa mbele ya Bi Shemsa, ambaye alikuwa dirishani kwake na hakualikwa.

Jumatatu, 17 Februari

Mcha amerudi. Kipuri hakupata, kapata kikubwa zaidi. Bucha moja inafungwa, ina jokofu la kusimama, refu kupita mtu, na karibu zima. Ramadhani iko mlangoni. Watu wakishafuturu watataka kitu cha baridi. Malai itarudi!

Pahala papo. Uani sasa ni peupe, tena pana hewa safi. Ni kwa muda tu, mpaka Idi. Nimepima. Likikaa ubavu unabaki uwazi wa shubiri moja mlangoni. Upepo ni kitu chembamba, utapita.

Tatizo ni Shangazi. Tangu jana kitanda chake amekihamishia pale pale mlangoni, na ananitazama ninavyopima. Nimemwuliza kwa upole kama hataki kwenda Matemwe wiki moja, kwenye hewa ya pwani. Amesema haendi popote, na nimletee maji. Lakini mimi namjua, anaona haya kuomba.

Kwa hivyo nimemwandikia Rukaiya mwenyewe. Mcha na hamali walikuwa wanangoja nje na mzigo, nikaandika maneno machache yasiyo na utata: "Mama yako anataka kupungwa. Njoo na gari leo leo."

Simu imelia mara sita tangu hapo. Sijaipokea, mikono imeshika jokofu. Bila shaka anataka kunishukuru.