Taa ya Heshima

Jumatatu, 10 Februari

Taa imewaka. Ya manjano, palepale mbele ya usukani. Mfano wa chungu kisicho na kifuniko, ndani yake alama ya mshangao.

Na imewaka mbele ya watu! Nampeleka dada yangu Mardhiya kwa mshoni, mtaa wa Amani, nyuma kakaa Machano, ndugu wa mume wake, aliyejipakia bila kualikwa. Dada akauliza ile taa nini. Ningesema sijui? Mimi, Borafya? Nikamwambia ni taa ya heshima. Gari hii kabla ya kufika Unguja ilikuwa ya shaikh mkubwa Dubai. Imefundishwa kuwaka akipanda mtu wa daraja. Dada akatengeneza buibui lake, akakaa vizuri. Machano akasema basi ashuke yeye tuone kama itazimika. Akashuka. Haikuzimika. Nikamwambia, unaona? Ni dada huyo.

Akapanda tena.

Jumamosi Yusra, binti wa dada, anapelekwa kwa mumewe Makunduchi. Nani anampakia bi harusi? Mimi mjomba, au Machano ami yake? Gari ya Machano mlango unafungwa kwa kamba. Dada keshasema mjomba. Lakini njia nzima Machano alikuwa haitazami barabara. Anaitazama taa.

Jumanne, 11 Februari

Machano kamtia dada maneno. Kamwambia taa ya manjano ni maradhi. Dada kaja asubuhi, hata chai hakunywa. Kaapa: Jumamosi akiiona taa ile inawaka, Yusra anapanda kwa Machano, kamba na yote. Nikamwambia heshima naizima nikitaka. Akasema basi izime.

Nikapata akili. Plasta! Ile ya kubandika kidonda. Nikaibandika juu ya taa, ikakaa barabara. Mke wangu Saadiya akachungulia dirishani, akauliza gari imejikata wapi.

Mchana dada akaibandua kwa kucha moja. Taa inawaka. Akaondoka.

Sivunjiki moyo. Mimi niliwahi kumrudisha papa baharini kwa kumkemea. Taa itanishinda?

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda Mikunguni kwa Wakil, fundi pancha. Nikamwambia gari ya rafiki yangu. Wakil akasema, shikamoo Mzee Borafya, mbona kofia yako iko kiti cha mbele? Nikamwitikia marahaba. Kofia nikaichukua nikaivaa.

Akapiga magoti, akautazama mpira wa nyuma wa kushoto. Msumari! Upepo unatoka kidogo kidogo. Akanieleza. Ziko gari zenye kidude ndani ya kila mpira, kinapima upepo na kupeleka habari mbele, kama redio. Hii yangu haipimi upepo. Inahesabu mizunguko. Mpira uliopungua upepo huinama, nusu kipenyo chake kinapungua. Mdogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa safari ileile. Mfano wa mtoto anayefuatana na babake: njia moja, hatua za mtoto nyingi. Basi gari inailinganisha mipira yote minne. Mmoja ukiwazidi wenzake kwa mizunguko, taa inawaka.

Dawa yake, kasema, azibe pancha, ajaze yote minne kwa kipimo, kisha abonye kitufe kilicho chini ya usukani, gari ijifunze upya. Akanionya nisikibonye kabla ya kujaza. Gari itauchukua ule upungufu kuwa ndio uzima.

Katia jeki chini ya gari, mara nani anatokea pembeni? Machano! Akinikuta hapa na pancha, taa ya heshima imekufa, na mimi nimekufa. Nikaingia garini nikatoka mbio. Wakil akapiga kelele kuwa jeki yake imo chini. Nilipochungulia baadaye haikuwamo. Ilikuwa imeshaanguka Magomeni.

Lakini elimu nimeipata. Nilisoma mpaka darasa la sita, na la sita la wakati ule lilikuwa refu. Taa haichukii upepo mdogo. Inachukia tofauti! Basi ama umpandishe mmoja, ama uwashushe watatu. Kushusha hakutaki fundi.

Alhamisi, 13 Februari

Kazi imefanyika. Nimeegesha nyuma ya ukuta Funguni, njiti ya kibiriti mkononi. Fssss. Mpira wa kwanza. Fssss. Wa pili. Bibi mmoja akasimama, akauliza mwanangu unafanya nini. Nikamwambia naipumzisha. Fssss. Wa tatu.

Kipimo nikatumia mguu. Teke moja kila mpira, yote ikajibu sauti moja. Nikabonya kitufe. Taa ikapepesa mara tatu, ikazimika. ZII!

Nikaenda mpaka Fuoni na kurudi. Giza tupu kwenye chungu kile. Gari inakwenda laini, kama umekalia godoro la sufi. Usukani mzito kidogo, lakini gari ya shaikh haiendeshwi kwa vidole.

Dada akaja kukagua. Akatazama, akatazama tena. Machano akainama, akauliza, shemeji, mbona gari yako imekaa? Nikamwambia gari za daraja hukaa. Zinazosimama ni za punda. Dada akacheka! Akasema haya, Yusra ni wako. Ila nikimchelewesha mwanawe kwa wakwe, nisimjue wala yeye hanijui.

Machano uso umemshuka kuliko mipira yangu.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika nimejifungia chumbani. Si woga. Ni uchovu.

Tumeondoka baada ya Adhuhuri. Gari imepambwa maua na utepe. Mbele dada. Nyuma Yusra, hina mpaka viwikoni, na somo wake aliyemfunda, Bi Ummkulthum, mwanamke wa kilo nyingi na maneno mengi. Alipoingia, gari ilishusha pumzi. Kwenye buti sinia tatu za halua. Mpira wa akiba niliuacha nyumbani kuipa halua nafasi. Machano nyuma yetu na wapiga vigelegele.

Tunguu, taa ikawaka. Dada alikuwa kwenye simu. Nikabonya kitufe. Ikazimika. Mbele kidogo ikawaka tena. Nikabonya. Ikatii kama askari. Yusra akasema, mjomba, kunanukia mpira unaungua. Nikamwambia udi wa Dubai huo, umo kwenye viti. Bi Ummkulthum akasema amefukiza udi miaka arubaini na haujapata kumchoma pua namna hii.

Msitu wa Jozani. Matuta. La kwanza, salama. La pili, gari ikalia. La tatu, PWAA!

Mpira wa nyuma wa kushoto umechanika kama kanga ya kupigia deki. Gari imekalia ringi. Juu ya miti kima punju wameacha kula majani, wanatutazama. Mmoja akashuka akachukua utepe.

Machano akafika. Nilijitayarisha kwa maneno yake. Hakusema hata moja! Akafungua kamba, akafungua mlango, akashusha wapiga vigelegele wawili, akawapisha bi harusi, dada na somo. Yusra alikuwa na machozi, wanja umeanza kushuka. Kabla ya kupanda akaitazama dashibodi yangu, akasema, mjomba, taa imezimika kweli.

Dada akapanda, mlango ukafungwa kwa kamba. Hata sinia za halua hakuziulizia.

Nimekaa na halua, wapiga vigelegele wawili walionuna, na kima. Machano akarudi Alasiri na mpira mmoja wa kuazima kwa wakwe, umejaa upepo, akaufunga mwenyewe. Nilipofika Makunduchi bi harusi keshaingizwa ndani. Pilau imebaki ukoko.

Jumapili, 16 Februari

Nimerudi mjini. Taa inawaka! Tokea Jozani, njia nzima.

Nimekaa garini nikafikiri kwa utulivu. Mipira mitatu ipo pamoja tokea Alhamisi. Inasikilizana. Taa ilizimika kwa ajili yao. Kaja mmoja mgeni, kaletwa na Machano, kavimba, na taa ikawaka saa ileile. Mkorofi nani hapo? Wakil kasema mwenyewe: ni yule asiyefanana na wenzake. Na Machano aliujaza kusudi! Sasa nimekijua kile kimya chake cha Jozani.

Njiti ya kibiriti. Fssss. Teke. Sauti moja. Nikabonya kitufe, nikaizunguka Mnazi Mmoja mara sita.

ZII!

Jumamosi ijayo fungate ya Yusra inakwisha, dada anataka kwenda Makunduchi kumtazama mwanawe. Nasikia kamwomba Machano. Nshampelekea ujumbe: dada, taa imezimika, gari tayari. Hajajibu. Atajibu.

Safari hii halua haitanidanganya. Mpira wa akiba nimeuweka kwenye buti. Nao nshautoa upepo kabisa, usije ukatofautiana na wenzake.