Mkurugenzi Mwenye Mizizi

Idara ya Vibali ilitangaza kwa fahari kwamba, kuanzia Jumatatu, Mkurugenzi angepatikana ofisini siku zote, saa za kazi na zisizo za kazi.

Mchoraji alilisikia tangazo hilo akiwa kwenye benchi la korido. Miezi minane alikuwa akifuatilia saini moja tu ya Mkurugenzi kwenye kibali chake. Asipoipata, mwisho wa mwezi studio yake inafungwa. Hakushangaa. Mkurugenzi wa kwenye tangazo alikuwa picha, na aliyeichora ni yeye, kwa rangi za mafuta, kwa agizo la Idara.

Ukubwa ulikuwa wa mtu mzima. Jasho lilimeta puani, na kifungo kimoja cha shati kilining'inia kwa uzi, ukikitazama unatamani kukishona. Ila kuanzia viwikoni mikono iligeuka mizizi, ikazama kwenye mbao za meza. Kamati ya Taswira iliijadili mizizi siku tatu, ikaipitisha kuwa kielelezo cha uthabiti wa kiutumishi.

Picha ikaketishwa ofisini. Watu wakawa wanaingia, wanaeleza shida zao, wanatoka roho zimetulia.

"Leo kanisikiliza mpaka mwisho," mama mmoja alimwambia mchoraji. "Hata simu hakushika."

"Kakusainia?"

"Mdogo wangu, usiwe na haraka hivyo."

Wiki ya tatu Idara ikatunukiwa cheti cha mahudhurio bora, na Mkurugenzi mwenyewe akaja kukipokea. Mlinzi akamzuia.

"Mzee, foleni inaanzia kule."

"Mimi ndiye Mkurugenzi."

"Mkurugenzi yuko ndani. Tangu niajiriwe hajatoka hata kwenda chooni."

Karani akaitwa. Akamkagua uso, kisha mikono.

"Sura mmefanana, sikatai. Lakini wetu ana mizizi, na ina kumbukumbu za kikao. Lete uthibitisho wa mchoraji."

Mchoraji hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Alimzunguka Mkurugenzi taratibu, kisha akamnyoshea kibali chake na kalamu.

"Saini hapa, mzee, nione kama vidole vinafanya kazi."

Vilifanya. Lakini sampuli moja haitoshi kitaalamu, hivyo benchi zima likaleta karatasi zake. Ilipofika adhuhuri, hakuna aliyebaki bila saini, na mchoraji akaandika kwa mkono wake kwamba huyu ni mtu halisi.

Karani akaugonga uthibitisho muhuri.

"Hongera, mzee, umetambuliwa. Sasa keti hapo kwenye benchi. Aliye ndani akimaliza, tutakuita."