Bahari ya Mama Olga

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Mungu anisaidie. Leo nimeanza kutengeneza bahari.

Jumapili mimi na Victoire, mama Olga, tunafikisha miaka makumi mbili na tano ya ndoa. Wakati wa uchumba, kwao Lusangi, nilimukuta akichuja chumvi ya majivu pamoja na mama yake. Nikamuahidi pale pale: tukioana, nitakuonyesha bahari. Kijana akipenda anasema yote! Tangu hapo sijamufikisha hata Kalemie aone ziwa. Fundi wa baiskeli wa Kasongo, njia hizi, mufuko huu... Basi, bahari itamukuta nyumbani.

Nimepata vitirini, lile sanduku la kioo ambamo mujane Elsa aliuzia mandazi. Nitamutengenezea baiskeli bure mpaka mumoja wetu afe. Victoire anadhani tutauza mandazi. Amefurahi. Ole wangu!

Jumatano, tarehe 6

Vitirini inavuja. Nimetia gundi ya matairi. Inavuja upande mwingine. Gundi tena, na viraka vya mupira. Sasa iko baiskeli yenye madirisha. Lakini haivuji!

Asani wa pikipiki ameleta samaki watatu wazima kutoka mutoni Lualaba, ndani ya bidoni ya maji. Alisema hawa ndio abiria wa kwanza ambao hawakulalamikia njia. Nimewaficha nyuma ya atelie yangu ya baiskeli, katika beseni. Wanahitaji hewa, basi napiga pompi ya baiskeli nikisali rozari. Salamu Maria moja, pompi moja. Rozari haijawahi kunitoa jasho hivi.

Alhamisi, tarehe 7

Chumvi ya dukani ya kutosha bahari nzima? Ningeuza nyumba. Nikakumbuka Lusangi. Choma majani ya mutoni, weka majivu katika kitunga, mimina maji, ngoja. Tone. Tone. Ile harufu! Nilimuona marehemu mama-mukwe, mikono myeusi kwa majivu, akinipa kibuyu nikinge matone, apime kama nina subira. Sikuwa nayo. Hata hivyo alinipa binti yake.

Nikalia kidogo. Labda moshi.

Ijumaa, tarehe 8

Jirani Kamaldine aliwahi kufika Dar es Salaam, na hakuna mutu Kasongo asiyejua. Televisheni yake iko kubwa kama mulango, imejaa bahari na samaki wa rangi. Wake zetu wanashinda kule. Nilimuita kwa siri aonje maji yangu. Akatema mate mpaka kwa kuku. Alisema yeye ameoga baharini, baba Olga, na bahari haina majivu. Hii ni muchuzi unaongoja fufu.

Wivu!

Nilitia samaki mumoja katika ndoo ya maji yale, kwa majaribu. Aliogelea vizuri. Kisha akaogelea kwa mugongo. Kisha akapumzika. Wale wawili nimewaacha katika beseni. Mimi si Herode.

Jumapili, tarehe 10

Misa, baraka, nyimbo. Nyumba imejaa wageni. Nikaondoa kitambaa: maji rangi ya chai, samaki hakuna. Kamaldine akakohoa. Nilimuambia Victoire mbele ya wote kwamba hii ndiyo bahari niliyoahidi, na kwamba nimeshindwa.

Akachovya kidole. Akalamba. Akafunga macho, nami nikajua amekwisha fika kwao. Alisema polepole, baba Olga, hii ni chumvi ya mama. Alikuwa hajaionja tangu tulipomuzika. Akalia, akacheka, akanishika mukono mbele ya padri! Kisha akachota bahari kwa sufuria, akapikia sombe, yale majani ya muhogo, na wale samaki wawili. Tuliila yote. Ladha ya gundi haikusikika sana. Kamaldine aliomba aongezewe, mara mbili, bila kutaja Dar es Salaam.

Wageni walipokwenda, Victoire alinikumbusha kwamba siku ile ile Lusangi niliahidi pia theluji. Alisema hiyo amenisamehe, nisihangaike, tafazali, baba Olga, nisihangaike.

Mwanamuke muzuri namna hii, akose theluji?

Kamaldine ana konjelateri, ile friji ya kugandisha barafu. Kesho asubuhi naenda kumusalimia kwa heshima. Na beseni.