Baiskeli ya Buluu na Kiti cha Baba Mkwe

Jumatatu, 7 Julai. Gitega, mtaa wa Musinzira

Wiki ya tatu ya ndoa. Bado siamini! Asubuhi Paskazia alinimiminia chai akaniuliza kama sukari inatosha. Sauti ile! Nikamwambia sukari haina kazi tena katika nyumba aliyomo yeye. Akasema vizuri, basi kesho hataweka, maana imebaki kidogo. Mzuri, na tena mwenye akili.

Simu kutoka Muyinga. Baba mkwe, Mzee Adriano, anatuita Jumamosi, ziara yetu ya kwanza tangu harusi. Moyo wangu uliruka juu, kisha ukakumbuka kiti.

Sebuleni kwa Mzee kuna kiti kimoja chenye mikono, karibu kabisa na yeye. Hukikalia mkwe anayeheshimiwa. Siku nilipopeleka posa alikikalia Josephat, mume wa dada mkubwa wa Paska, kwa sababu alikuja na pikipiki. Mimi nilikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi. Nikapewa benchi, karibu na gunia la maharage. Mimi, niliyemaliza sekondari! Gunia lilikuwa na nafasi kubwa kuliko yangu.

Lakini Mungu hajalala. Jioni, baada ya kufunga kibanda changu cha fotokopi, nilipita kwa Bagalwa, Mkongomani anayeuza vitu vilivyotumika kutoka Ulaya. Ilikuwa imeegemea mlango. Baiskeli ya mbio! Buluu! Usukani umepinda chini kama pembe za kondoo dume. Nyembamba, yenye madaha. Nilimfikiria Paska papo hapo. Rangi imebabuka, kiti kimepasuka, gia zinagoma. Historia tupu! Na kwa shida hii ya mafuta, pikipiki ya Josephat ni pambo la uani. Nani ataingia Muyinga akipepea? Mimi.

Kikwazo kidogo: akiba yetu ni ya godoro. Tunalalia sponji nyembamba, na chini yake sakafu. Nasema kidogo kwa sababu mapenzi hayahitaji godoro.

Jumanne, 8 Julai

Chai haikuwa na sukari. Sikulalamika.

Nimemweleza Paska habari ya baiskeli kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa shuleni: faida kwanza, hasara baadaye. Faida zilichukua muda wote, hasara hatukuzifikia. Alikuwa anachambua maharage. Akauliza kama itatubeba wote wawili. Nikasema ndoa yetu itabebwa na chochote. Akauliza mzigo utakaa wapi. Nikasema moyoni. Akaendelea kuchambua maharage.

Kisha akaniambia jambo tamu sana. Kumbe Mzee Adriano aliendesha baiskeli ujana wake wote, akibeba mikungu ya ndizi milimani, na hadi leo ikipita baiskeli nzuri shingo yake inageuka nayo. Vizuri mno! Ataiona yangu, shingo itageuka, na kiti kitafuata.

Nikamwuliza, basi mpenzi, tununue? Akasema, “Mgongo ni wako, mume wangu.”

Baraka kamili.

Jumatano, 9 Julai

Mpango! Bagalwa anaipenda baiskeli ile na bei yake inaonyesha. Kwa hiyo nimemtuma jirani yangu Sudi. Nilimwambia apite pale kama mtu asiyenijua, aitukane baiskeli vizuri, aondoke. Nami nifike baadaye kwa huruma, kama mtu wa kumwokoa muuzaji.

Sudi ana kipaji. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, “Eh, mi nilidhani ni velo, kumbe ni mifupa ya velo! Nani alikufa hapa?” Akaongeza kwamba mkweo akikuona juu ya kitu hiki atakurudisha kwenu. Watu wakakusanyika. Bagalwa akaumia roho. Badala ya kushusha bei akapanda juu ya ngazi yake na kuanza kuitetea. “Hii iko velo ya mbio, si ya kubeba makaa! Mi niliitoa mbali, bana! We unajua chuma gani hii?” Alieleza chuma. Alieleza gia. Alizungusha tairi la nyuma, likaimba zii! Nilikuwa nimejificha nyuma ya mama wa dagaa, na nakiri machozi yalinitoka.

Yakamtoka na bwana mmoja wa Gishubi. Akaingiza mkono mfukoni. Nikaruka! Nikapaza sauti kwamba baiskeli ile ni yangu, nimeichumbia tangu Jumatatu! Bagalwa akatuangalia sote wawili, akatabasamu, na bei ikapanda. Nimelipa. Sikubembeleza hata kidogo. Mwanamume habembelezi mbele ya umati.

Sudi anadai mpango ulifanikiwa, maana kila mtu sasa anaijua baiskeli yangu. Kweli.

Alhamisi, 10 Julai

Usingizi mzuri. Mgongo unauma upande mmoja tu.

Jioni nilimwalika Paska tutembee kwa baiskeli, tukaone jua likizama. Hapo ndipo nilipogundua haina keria. Wazungu wa mbio hawabebi mtu, wanakimbia peke yao. Watu wa huzuni! Nikamwambia aketi kwenye bomba la mbele, kati ya mikono yangu, nywele zake zinipige usoni. Akaketi. Nikanusa mafuta yake ya nywele. Dunia ikasimama! Kisha tairi la mbele likapasuka, na sisi tukasimama pamoja na dunia.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Mimi nilirudi kwa miguu pia, nikiisukuma, hatua chache nyuma yake, nikiutazama mwendo wake. Jioni ya kimapenzi kuliko zote.

Ijumaa, 11 Julai

Fundi ametia kiraka. Breki ya nyuma amesema tuiombee.

Siku nzima nimefanya mazoezi ya hotuba. Siwezi kuingia kwa Mzee kimya kimya na chombo kama hiki. Nitasimama, kinywaji mkononi, niieleze baiskeli mbele ya ukoo: ilikotoka, mwendo wake, rangi yake. Nimemsomea Paska mara mbili. Mara ya pili alikuwa amelala. Utulivu ulioje!

Sudi naye nilimsomea. Akakuna kichwa. Akaniambia, “We ulikulia Tanzania, sikulaumu. Lakini kwa wakwe, kitu ukikisifu umesimama, na pombe mkononi, mbele ya wazee, hicho kimekwenda.” Nikamwuliza kimekwenda wapi. Akasema kimekwenda tu, na akaomba nimpe chumvi.

Wivu. Tangu nioe, Sudi amebadilika.

Jumamosi, 12 Julai. Muyinga

Siku ya ushindi! Naandika nikiwa nyumbani kwa Mzee Adriano.

Tulipanga Paska apande basi, mimi niende na baiskeli, tukutane Muyinga. Nilitoka kabla ya jua. Mlima wa kwanza mnyororo ulitoka. Mlima wa pili nilitoka mimi. Nilikuwa nimekaa kando ya barabara nikiongea na baiskeli kwa upole basi lilipofika, na likasimama bila mimi kulipungia. Paska alikuwa dirishani. Alikuwa ameninunulia tiketi na kunishikia nafasi tangu Gitega. Alijuaje? Mapenzi yana macho! Baiskeli ikapanda juu ya basi, ikalala kwenye magunia ya mihogo.

Nilishuka kabla ya kufika, mahali mteremko unapoanza, ili niingie uani kwa baiskeli. Paska alishukia kituoni, akakodi baiskeli ya abiria, yenye keria, akaketi nyuma na kreti ya bia mapajani. Alinipita kwenye kona, akanipungia mkono. Mrembo! Mimi nilikuwa nafunga breki kwa kisigino.

Ukoo wote ulikuwepo. Mashangazi, wajomba, wazee wenye fimbo. Josephat alikuwa kwenye kile kiti, viatu vyake vimejaa vumbi. Alikuja kwa miguu! Mzee alitoka mlangoni, akaiona baiskeli. Shingo ikageuka. Nikajua.

Walipomimina bia ya ndizi nikasimama, glasi mkononi. Nikaanza. Nilisema baiskeli hii imevuka bahari na milima ya Karuzi kuja kutafuta ua huu. Kwamba buluu yake ni mbingu ya Julai. Kwamba nilipoiona tu, nilimfikiria Mzee. Paska alinivuta koti. Nikampapasa mkono. Nikasema haijapata kuona nyumba inayoistahili mpaka leo. Akanivuta tena, kwa nguvu. Mbele ya wazazi wake! Kwa kweli anashindwa kujizuia. Nikamalizia kwa kuinua glasi. Akavuta mara ya tatu, kisha akaacha, akakaa, akakunja mikono.

Wazee wakaanza kupiga makofi, polepole, kwa pamoja. Mashangazi wakapiga vigelegele. Mjomba mmoja akasimama akajibu hotuba yangu, akataja jina langu na la marehemu babu yangu, akasema wamefurahi, wameridhika. Mzee Adriano akanikumbatia, macho yamelowa. Akamgeukia Josephat: “Inuka, mwanangu. Mwenye kiti amefika.”

Nimekaa! Kina mto! Josephat alikwenda kwenye benchi, karibu na gunia la maharage, akaninong'onezea akipita: “We mwenzangu, mi nilipeleka mbuzi tu. Sasa umetuweka wapi sisi wengine?” Sikumwelewa, lakini nilimsamehe.

Mzee akakunja suruali, akapanda baiskeli yangu, akazunguka ua mara kadhaa na kuingia kwenye migomba. Alicheka kama kijana. Nikafurahi anavyofurahia kitu changu.

Jumapili, 13 Julai. Ndani ya basi

Asubuhi nilitafuta baiskeli yangu tuondoke. Haipo uani. Haipo nyuma ya nyumba. Iko chumbani kwa Mzee, imeegemea kitanda, imefunikwa shuka. Nikasema kwa adabu kwamba sasa naichukua. Watu sebuleni wakageuka wakaniangalia. Paska akasema upesi kwamba mume wake anataka kuichukua picha. Nikapigwa picha nayo, mimi na Mzee. Yeye ndiye aliyeshika usukani.

Njiani kuelekea kituoni Paska akanieleza, taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Hapa kwao, kitu kikisifiwa hivyo mbele ya ukoo, umekitoa. Makofi yale yalikuwa ya kukipokea. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alinivuta koti mara tatu. Mara ya tatu akamwangalia baba yake, akaona hajawahi kumwona na uso ule tangu aache kubeba ndizi, akaniacha niendelee.

Nililia kidogo. Kwa ajili ya baba yake, nilisema.

Lakini Mzee hakutuacha hivi hivi. Zawadi hujibiwa. Ametupa mbuzi jike, mwenye mimba, sasa amekaa kati ya miguu yangu akitafuna mkanda wangu. Paska ameshaamua: Jumanne nimpeleke sokoni, nirudi na godoro. Aliegemeza kichwa begani kwangu akasema mgongo wake pia ni mgongo. Sijapata kusikia maneno mazuri kama haya!

Jumanne, 15 Julai. Gitega

Niliondoka nyumbani na mbuzi, nikielekea sokoni kununua godoro. Moja kwa moja. Njia ya moja kwa moja inapita kwa Bagalwa.

Nyekundu! Imefika jana! Pembe za usukani ni kubwa kuliko za ile ya kwanza, na breki moja inafanya kazi kabisa. Bagalwa alimtazama mbuzi, akamshika tumbo, akasema, “Petit, mdogo wangu, kwa mbuzi hii, mi na we tunasikilizana.” Tukasikilizana.

Nimefikiri kwa makini, sikukurupuka. Mwezi ujao Mzee ametualika tena, na nasikia Josephat amepata mafuta. Kiti kile hakiwezi kulindwa kwa miguu mitupu. Na makosa ya Jumamosi nimeyachambua yote: nilisimama, na nilikuwa na glasi mkononi. Hayatarudiwa! Safari hii sitasimama. Sitagusa pombe. Nitaisifu nikiwa nimekaa, tena kwa ufupi, kwenye kiti changu.

Paska bado hajaiona. Nimeiweka chumbani, juu ya sponji, kama mshangao. Nasikia hatua zake mlangoni. Ananiita jina langu lote. Anavyonipenda!