Mpangaji Wangu Amepanda Mgomba, Kwa Hiyo Hawezi Kuhama

Kwa Papa Chef Firmin,
Chef wa avenue yetu, Kasha, Bagira

Yahusu: mpangaji anayevunja mkataba wa mwaka mzima bila kosa lolote la kumshika

Mheshimiwa Papa Chef,

Ninakusalimu kwa heshima zote, na ninakuomba uisome barua hii ukiwa umeketi. Mimi ni Anaclet Bulonza, mwalimu mstaafu wa darasa la tano, yule wa nyumba ya mabati mekundu. Kwa miaka thelathini na moja nilishika chaki na sikuwahi kumshtaki mtu. Leo ninamshtaki Mireille, mkunga anayepanga vyumba viwili katika parcelle yangu, yaani kiwanja changu. Mkataba wetu ni wa mwaka mmoja, na Januari hii tuliufanya upya kwa mara ya pili. Sasa ni Aprili tu, na tayari ameniletea préavis, yaani taarifa ya maandishi kwamba atahama. Amechaguliwa kwa kazi ya kusimamia chumba cha kuzalishia kwenye kisiwa cha Idjwi. Ninaipinga taarifa hiyo kwa sababu zifuatazo.

1. Taarifa yenyewe haina kasoro. Mkataba unadai miezi mitatu, yeye ametoa miezi mitatu na wiki mbili. Nimeisoma mara nne nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, nikitafuta hata koma iliyokosea njia. Nilimpa tisa juu ya kumi, na ile moja nilimnyima kwa uchungu tu. Sasa niambie, Papa Chef, bailleur, yaani mwenye nyumba, atagombana vipi na mtu wa namna hiyo?

2. Amenitenga na wenzangu. Unajua sisi wenye nyumba hukutana baada ya misa ya pili kulalamikia wapangaji. Papa Donatien anaye aliyeng'oa milango akaondoka nayo. Mwingine wake alipitia uani, akaacha godoro na madeni. Mimi sina la kusema. Jumapili moja, kwa aibu, nilisema Mireille amevunja kioo cha dirisha. Habari zikamfikia. Jumatatu alinunua kioo kipya, na kwa kuwa hapakuwa na kilichovunjika, ilinilazimu kutoa kizima ili cha kwake kipate pa kukaa.

3. Ameniharibia ugonjwa. Nilikuwa na tension yangu, shinikizo la damu, tumezoeana. Yeye kila Jumamosi huja na kile chombo chake, hunifunga mkono, husoma, kisha hutikisa kichwa. «Papa Anaclet, iyi tension haiko ya kucheza nayo,» ndivyo anavyoniambia, na mke wangu Eulalie husimama nyuma yake kama askari. Chumvi imehamishiwa juu ya kabati ambalo mimi silifikii. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ninainusa kwa majirani. Matokeo yake, ninapanda mlima wetu bila kupumzika, watu wananiuliza kama nimeokoka. Akihama, nitarudia chumvi siku hiyo hiyo, ninajijua. Nikifa, lawama ziende Idjwi.

4. Mwaka jana mke wangu alianguka kwenye ngazi za udongo, akavunjika mguu. Mireille alimbeba mgongoni hadi barabarani, kisha akamwogesha wiki sita. Nimesoma mkataba wetu wote. Hakuna kifungu kinachomruhusu mpangaji kumbeba mke wa bailleur. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeanza kuvunja mkataba, na aliyevunja mkataba kwa wema hana haki ya kuuvunja tena kwa kuhama.

5. Hapa ndipo penye kiini cha shauri langu. Wewe ni mwana wa Bushi kama mimi, unaijua bwasa. Mtu akikukodisha shamba kwa bwasa, unapanda maharagwe, unapanda viazi, unavuna, unaondoka. Mgomba hupandi. Anayepanda mgomba amesema kwamba udongo ule ni wake na wa wajukuu wake, na wazee wetu walikwenda mbele ya baraza kwa mgomba mmoja tu. Sasa, nyuma ya nyumba yangu, karibu na kamba ya nguo za Mireille, kuna mgomba. Una majani manne. Njoo uhesabu.

Fuatana nami polepole. Aliyepanda mgomba si mpangaji, ni mwenye mahali. Mwenye mahali hana mkataba wa kupanga. Asiye na mkataba hawezi kuuvunja. Kwa hiyo ile préavis ni karatasi tupu, hata kama imeandikwa vizuri.

6. Tena kuna hatari. Kama Mireille ndiye mwenye nyumba, basi mimi na Eulalie tumekuwa wapangaji wake tangu Februari, na hatujamlipa hata mwezi mmoja. Anaweza kutufukuza wakati wowote. Katika umri wangu sina nguvu za kutafuta nyumba nyingine, nikiulizwa na kila bailleur nina watoto wangapi na kama ninapiga redio kwa sauti. Ninaomba ulinzi wako.

Papa Chef, wacha niweke chini kalamu nyekundu kidogo. Kuhama kwake kunaniuma. Watoto wetu watatu wako mbali na huongea nasi kwa simu wakiwa wanafanya jambo lingine. Huyu alikuwa akiingia jikoni kwetu bila kubisha hodi, na nimeshazoea kusikia kandambili zake uani.

Kwa sababu hizo ninapendekeza mkataba mpya kwa masharti haya. Uwe wa miaka tisini na tisa. Kodi ishuke kila Januari mpaka iishe. Aruhusiwe kuolewa, mradi bwana huyo aletwe kwanza kwangu, nimpe imla na hesabu za akili. Wazazi wake watoke Bunyakiri wakae nasi, kile chumba cha mahindi nitakisafisha. Na kama watu wa Idjwi hawawezi kabisa kukosa mkunga, basi akina mama wao waletwe kwa boti kuja kujifungulia katika salon yetu ya kupokelea wageni, ambayo ina viti vinane na pazia jipya. Eulalie atapika uji. Mimi nitawaandika watoto majina, kwa mwandiko mzuri.

Nikitumaini kwamba utanipa haki kabla majani ya mgomba hayajafika sita, nabaki raia wako mtiifu. Msalimie sana Maman Colombe na watoto, wasalimie majirani wa upande wa juu, na hata wale wa upande wa chini wanaomwaga maji mbele ya kwetu. Eulalie anakusalimu pia, ila amenituma niseme kwamba yeye hayumo katika barua hii.

Anaclet Bulonza,
mwalimu mstaafu

N.B. Kuhusu mgomba: shimo nililichimba mimi, Februari, siku ile Mireille alipotuambia ameomba kazi Idjwi. Yeye alikuwa kazini. Jioni aliukuta, akaumwagilia maji tu, akidhani ni wa Eulalie.

Katika bahasha hii hii utakuta karatasi ya Mireille ya mwenendo mwema, inayongoja saini yako. Ule ukurasa wa kumsifu uliobanwa nyuma niliuandika mimi, na sikuongeza neno. Tafadhali uitie saini leo, kwa maana faili lake linaondoka na boti ya Alhamisi, na bila karatasi hiyo kazi atapewa mwingine. Siku tisa zilizopita alinikabidhi nikuletee, kwa sababu ananiamini.