Pijo Lisilotembea Lakini Linaongea

Jumamosi, 3 Agosti 1996

Nimefanya tena. Kinywa changu! Arusi ya Ikran ni Alhamisi ya tarehe ishirini na mbili. Jamaa wote walikuwa kwa shemeji Siyad wakinywa shai, ikaulizwa ni nani atakayembeba bibi arusi. Siyad akasema Land Cruiser yake iko tayari. Alisema vile anavyosema yeye, akitazama kucha zake. Mara nikasikia sauti ikitangaza kwamba bibi arusi atapanda Boqorad. Sauti yenyewe ilikuwa yangu.

Kicheko! Hata aliyekuwa akimimina shai aliweka birika chini kwanza, acheke vizuri.

Boqorad, yaani Malkia, ni Pijo langu 504, rangi ya maziwa yaliyotiwa shai kidogo. Amesimama uani kwangu hapa Bula Iftin, Garissa, tangu mvua za mwaka juzi. Giaboksi. Lakini Ikran alipokuwa mdogo, akikaa mapajani mwangu na kushika usukani, nilimwahidi kwamba siku ya arusi yake atatoka kwao ndani ya Boqorad. Leo alinifuata mpaka mlangoni, akaniuliza polepole, Adeer, ami yangu, ni kweli? Nikamwapia. Baba yake, Hamze, yuko Toronto na hawezi kuja. Mtoto hana baba wa kumshika mkono siku hiyo. Gari angalau alipate.

Siyad ni ndugu yake Hamze, tena ndugu yake mke wangu Saado. Tajiri wa mifugo. Nasema hili bila wivu: Toyota ni gari la watu wasio na fikra. Unawasha, linawaka. Sasa akili umeitumia wapi?

Jioni nilimwita fundi Kyalo. Akaingia chini ya Boqorad, akatoka akijipangusa mikono kwa huzuni. "Mzee Muse, hapa hakuna giaboksi. Hapa kuna debe la misumari." Anasema iko nyingine Nairobi, lakini mwenyewe hakopeshi. Nadhani maana yake hanikopeshi mimi.

Jumatatu, 5 Agosti

Alhamdulillahi! Mlango umefunguka, tena ni mlango wa nyuma wa Boqorad.

Eddo Kinsi, jirani yetu na shangazi wa mtaa mzima, alikuja asubuhi akilia, kanda mkononi. Sisi hapa hatuandikiani barua, nani ana subira? Mtu wa Toronto au Jeddah anasema yake yote ndani ya kanda, anampa msafiri, msafiri anampa dereva wa lori, na kanda inafika inapofika. Sasa redio ya Eddo Kinsi imeanza kula kanda. Vumbi la mwaka huu limeua redio za mtaa mzima. Na kitu kimoja tu cha Boqorad hakijawahi kuharibika hata siku moja. Redio kaseti!

Nikamketisha kiti cha nyuma, nikabonyeza. Mwanawe huyo! Eddo Kinsi alicheka, akalia, akamkaripia kwa kutooa, kisha akanyamaza amsikie akijitetea. Kijana alilalamika sana juu ya theluji. Imefika magotini, alisema. Nilishangaa kidogo, kwa sababu juzi tu redio ilitangaza kwamba kule watu wanaugua kwa joto. Nchi kubwa ile, nadhani.

Aliposhuka aliniambia kwamba gari langu halitembei lakini linaongea vizuri. Akaniletea kibuyu cha maziwa ya ngamia. Nikiwa katikati ya maziwa, wazo likanijia. Mtaa mzima una kanda. Mtaa mzima hauna redio. Mimi nina ukumbi wenye viti vinne vya sponji na mlango unaofungwa!

Jumatano, 7 Agosti

Biashara imechangamka. Ada ndogo kwa kila upande wa kanda, wajane bure. Betri naipeleka kwa Kyalo ikachajiwe, juu ya mkokoteni wa punda. Kyalo anasema hajawahi kuona Pijo linalopanda punda.

Pia nimejiboreshea burudani ya nyumbani. Mwenye gari lenye muziki mzuri atalalaje kwenye mkeka bila muziki? Nimevuta waya kutoka kwa Boqorad, umepita dirishani, mpaka kwenye spika kubwa sebuleni. Raha! Kosa moja tu. Mteja anapoweka kanda yake uani, maneno yake yanakuja sebuleni kwangu. Sikukusudia. Ningeweza kuchomoa waya. Nimekuwa na shughuli.

Leo nimejua nani ameachika Minneapolis, nani anasema ni daktari kumbe anaosha vyombo, na nani analetewa mke wa pili bila wa kwanza kujua. Saado aliingia akanikuta sikio liko kwenye spika. Akasema ni haramu kusikiliza siri za watu, na kwamba nitaulizwa kaburini. Kisha akakaa, akauliza huyo mke wa pili ni wa ukoo gani.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku kubwa!

Amekuja Siyad. Siyad mwenyewe, na Land Cruiser yake! Redio yake nayo imekufa kwa vumbi. Alinyoosha kanda kwa vidole viwili, kama mtu anayempa mwenzake soksi. Inatoka kwa Guleid, mshirika wake wa Jeddah. Nikamfungulia mlango kwa heshima, nikaingia ndani bila haraka, kisha nikakimbia.

Guleid anasema hivi. Kuna mnunuzi mkubwa anatafuta kondoo wa vichwa vyeusi kwa ajili ya Hija. Siyad akusanye kila kondoo atakayemwona. Asiulize bei. Meli haitasubiri. Mnunuzi atakuja mwenyewe hadi Garissa, na analipa mara mbili ya soko.

Nilifikiri kidogo, kwa sababu Hija imepita juzi juzi na ijayo iko mbali. Lakini hiyo ndiyo tofauti ya mfanyabiashara na mtu wa kawaida. Mfanyabiashara huanza mapema.

Siyad alishuka akitikisa kichwa, akaguna, akasema hakuna la maana humo. Mwigizaji! Uso ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Mimi nami nikaigiza, nikampa pole.

Tatizo ni mtaji. Nikiomba mkopo wapo watakaonikumbusha habari ya barafu ya Dadaab. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa: Dadaab kuna joto, Garissa kuna barafu. Boqorad akakata pumzi katikati ya njia. Hamze na mimi tulisukuma, faida ikitudondokea miguuni. Tulifika na magunia ya maji. Mwaka uliofuata Hamze akahamia Toronto. Sisemi alikimbia barafu.

Jumatatu, 12 Agosti

Zamu ya Saado ya ayuto imefika, ule mchango wa wanawake wa kupokezana. Amenipa pesa zote. Zote! Alizifunga kwenye kitambaa, akasema ni za giaboksi, ni kwa ajili ya Ikran, na nisipomletea giaboksi nitalala ndani ya Boqorad mpaka nizeeke. Machozi yalinilengalenga. Mwanamke huyu ananiamini.

Jumatano, 14 Agosti

Soko la mifugo. Nimenunua kondoo.

Hili linahitaji maelezo. Giaboksi ni gharama, kondoo ni mtaji. Mnunuzi anakuja, analipa mara mbili, naagiza giaboksi, na kinachobaki nanunua hata rimu za kung'aa. Bei ilikuwa chini ajabu, kwa sababu ukame umeila nyasi yote na wafugaji wanauza kwa machozi. Siyad alikuwa pale na hakununua hata mmoja. Alinitazama nikihesabu, akaniuliza nina nini. Nikatabasamu tu.

Saado aliona kundi linaingia uani. Nikamweleza kwamba hii ndiyo giaboksi, ila bado ina miguu. Naandika haya nikiwa kiti cha nyuma cha Boqorad, blanketi moja.

Jumapili, 18 Agosti

Kondoo wanakula. Hakuna aliyenionya. Nyasi inauzwa bei ya iliki, kwa hiyo wamekula maboksi ya duka, kamba ya kuanikia nguo, na mkeka. Jana niliacha mlango wa Boqorad wazi. Wamekula kiti cha mbele cha abiria mpaka chuma. Sponji lote! Mmoja alikohoa kitambaa cha kiti mbele ya mteja.

Mnunuzi bado. Nimekwenda stendi ya mabasi kila siku kuangalia Mwarabu anayeshuka. Nimemsalimia mmoja kwa furaha nyingi. Alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Lamu.

Jumanne, 20 Agosti

Wallahi, dunia imeniangukia.

Nimeshindwa kuvumilia. Nimekwenda kwa Siyad, nikaanza kwa mbali, habari za afya, habari za Hija. Akahema. Akasema Hija imemtia uchungu mwaka huu. Guleid alimtumia kanda kabla ya Hija iliyopita, biashara kubwa ya kondoo. Msafiri akaileta mpaka Lafey, kule mpakani, akaugua pale, akaiacha mfukoni mwa koti, na koti likaazimwa. Kanda imezunguka hadi mwezi huu. Mnunuzi alikuja, hakukuta mtu, akarudi zamani. Meli ilikwenda, Hija ikaisha, kondoo wakaliwa Makka. Siyad akasema ndiyo maana alitoka kwenye gari langu amekunja uso.

Kisha akanitazama. Nadhani aliwakumbuka kondoo wangu. Akaziba mdomo kwa kikoi chake, mabega yakaanza kutikisika.

Nimerudi nyumbani, nimemwambia Saado kila kitu. Hakupiga kelele, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema tu niende nikamwambie Ikran kwa mdomo wangu.

Nimekwenda. Naona aibu hata kuandika. Nilimwambia hakuna giaboksi, hakuna safari, apande Land Cruiser ya baba yake mdogo na anisamehe. Ikran akaingia ndani, akatoka na kanda. Ya baba yake! Hamze ameagiza isifunguliwe mpaka dakika anayotoka nyumbani kuolewa, ndipo asikie dua yake. Sasa Adeer, akaniuliza, dua hiyo nitaisikilizia wapi, kwenye Land Cruiser isiyo na redio? Akasema atapanda Boqorad, hata kama ataburutwa.

Nimelia njia nzima, na sijali nani ameniona.

Alhamisi, 22 Agosti

Tumeburutwa!

Kyalo alileta kamba ya lori. Siyad alimwambia kwa Kiswahili chake, "Fundi, funga hii Bijo nguvu, ikikatika mimi hapana rudi." Land Cruiser mbele, Boqorad nyuma, amefungwa riboni, ameoshwa, anang'aa. Mimi usukanini na kanzu mpya. Ikran kiti cha nyuma, Saado kando yake. Pale kiti cha mbele kilipokuwa tuliweka mto. Na kwa kuwa dua ya baba si ya kusikilizwa na watu watatu, nilifunga spika ya sebuleni juu ya paa, ukoo mzima usikie.

Wanawake wakapiga vigelegele, kamba ikakazika, nikabonyeza. Sauti ya Hamze ikatoka juu ya Bula Iftin. Akamwombea mwanawe, akamtaja mama yake marehemu, akasema kwamba kila asubuhi akiwasha teksi yake kule Toronto humsomea Ikran Fatiha kabla ya kuondoka. Wanaume waliacha kutembea. Siyad alitoa kichwa dirishani akafuta macho, nikamwona. Ikran alilia kimya, Saado akimshika.

Kisha Hamze akakohoa kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo. Akasema ana ombi moja tu kwa ndugu zake. Bibi arusi apande gari lolote. Lori la maji, punda, ngamia, hewala. Lakini kwa haki ya barafu ya Dadaab, asipande Pijo la Muse.

Ukoo mzima ukaangua kicheko! Watu walikaa chini barabarani. Siyad alipiga honi mfululizo, na Eddo Kinsi alilazimika kushikwa. Na Ikran, aliyekuwa analia, alicheka mpaka kilemba kikamtoka. Siyad akasimamisha gari, akaja, akasema amri ya baba imesikika, bibi arusi ahamie mbele. Ikran akafunga kitasa kwa ndani. Akasema baba asamehe, yeye ameshafika nusu ya njia na hajasukuma bado.

Kondoo wote wameliwa arusini. Saado aliwatoa akatangaza ni zawadi ya Muse. Wazee wamenisifu kwa ukarimu! Siyad amenishika mkono mbele za watu.

Jumapili, 25 Agosti

Saado amechukua ufunguo wa Boqorad. Biashara ya kanda ni yake sasa mpaka ayuto yake irudi yote, na anaketi usukanini kama dereva wa serikali. Waya wa sebuleni ameukata kwa kisu cha jikoni. Nimekubali kila sharti. Nimekuwa mtu mpya. Nimeamua kujifunza ufundi, na leo nimelala chini ya Boqorad tangu asubuhi, spana mkononi.

Sakafu ya Boqorad ina tundu.

Leo alikuja mtu na kanda ya Toronto. Ndugu yake alianza kwa kulalamika juu ya theluji, nikataka kulala. Ndipo akateremsha sauti. Amepata habari kwa mtu wa bandarini, mwezi ujao sukari itaadimika Kenya nzima, wanunue sasa magunia kwa magunia!

Safari hii sikukurupuka. Kosa la kondoo lilikuwa la tarehe, na tarehe nimeichunguza. Nilisikiliza mpaka aliporudia. Amesema wazi kabisa, mwezi ujao. Na mwezi ujao ni Septemba. Kesho asubuhi nakwenda kwa Siyad anikopeshe.