Adui Anayenishibisha

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata shangazi: naogopa foleni ya chakula cha mchana. Si chakula. Foleni. Mpishi wa shule akiniona tu hugonga sufuria kwa upawa na kutangaza, "Profesa kaja! Mpisheni, asije akapeperuka!" Meza zote hugeuka. Kwa hiyo tangu muhula uanze, mchana najificha maktaba. Nimesoma mengi.

Leo nimeanguka mstarini. Nilikuwa nimesimama, mara nikawa natazama viatu vya mwalimu mkuu kwa karibu sana. Vinahitaji rangi. Mwalimu wa timu ya chemsha bongo akasema siendi mashindanoni Jumamosi ya wiki ijayo mpaka mtaalamu wa lishe aseme niko sawa. La sivyo kiti changu atakikalia Kipaza, mchezaji wa akiba. Kipaza! Kijana anayeongea kama vile sote tuko ng'ambo ya mto! Kiti kile ndicho kitu pekee shuleni ninachokiweza.

Kipaza akanibebea mkoba hadi nyumbani. Bila shaka anazoea kushika vitu vyangu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango! Mtaalamu wa lishe atanitahini, na mtihani ni mtihani. Nimeazima kitabu cha sayansi kimu. Nimekariri vitamini zote na kazi zake.

Shangazi naye anajiandaa. Ameniagiza nisithubutu kutaja sukari anayotia kwenye chai. Tukiulizwa, nyumba hii inakula mboga za majani asubuhi, mchana na jioni. Nikauliza, asubuhi pia? Akasema, mwanangu, ukiamua kudanganya usifanye ubahili.

Jumatano, 5 Machi

Sielewi chochote.

Hakuna sindano. Hakuna mtihani. Chumba kidogo, mizani, dirisha, mama mpole mwenye miwani. Akanipima uzito, akanipima urefu, akanizungushia utepe mkononi. Shangazi akamwita daktari. Akasema yeye si daktari, ni mtaalamu wa lishe. Shangazi akasema, sawa, daktari.

Nikaanza na vitamini A. Nilipofika D akanisimamisha taratibu, akauliza jana nilikula nini. Hilo halimo kitabuni! Shangazi akadakia: mboga. Na juzi? Mboga. Mtaalamu akamtazama shangazi, akaandika. Kisha akaulizia usingizi. Kisha akaulizia choo. Choo! Mbele ya shangazi! Mimi nikatazama sakafu. Shangazi akanijibia, tena kwa kirefu.

Nikaona tunazama. Mezani palikuwa na mkate, yai na chungwa. Nikawaza: nimwonyeshe hamu ya kula. Nikalinyakua chungwa, nikaling'ata.

Plastiki.

Vyote ni vya plastiki, vya kuonyeshea mtu kiasi cha kula. Meno yangu yamebaki pale kama mhuri.

Akamwomba shangazi asubiri nje. Shangazi akatoka shingo upande, baada ya kuulizia chakula cha kuponya magoti yake. Tukabaki wawili. Akaniuliza mchana huwa nakula na nani. Nikasema, na vitabu. Akauliza kama vitabu huwa vinanimegea. Akanisubiri. Sijaona mwalimu anayesubiri jibu kiasi kile. Mwishowe nikasema, foleni. Nikamweleza yote, sufuria na upawa.

Hakucheka.

Na dawa? Hakuna! Kanituma maabara nikapimwe damu, maana mtu haanguki hivihivi. Asubuhi nisitoke na tumbo tupu. Mchana nile na mtu mmoja nitakayemchagua mwenyewe, nirudi Ijumaa ya wiki ijayo, na huyo mtu akipenda aje. Mtu mmoja! Hiyo ni tiba gani? Inamezwa vipi?

Alhamisi, 6 Machi

Damu haina tatizo. Sasa mtu. Mkutubi haruhusu hata pipi karibu na vitabu, kwa hiyo yeye hapana. Nimekuna kichwa mpaka nikapata: Kipaza! Nikila naye namchunguza adui, na tiba inatimia papo hapo. Mimi ni hatari.

Nikamwambia tufanye mazoezi ya maswali wakati wa kula. Akakubali kabla sijamaliza kusema. Akasema mezani kwake nafasi haikosekani. Ni kweli. Meza nzima, benchi mbili, na yeye peke yake pembeni. Wengine wote wamehamia meza za mbali. Ubinafsi ulioje! Meza nzima ya mtu mmoja!

Mpishi akagonga sufuria, "Profesa kaja!" Kipaza akajibu kwa sauti iliyofunika sufuria na upawa: "Na mimi je? Mbona hunitangazi, mimi nimeokotwa?" Meza zote zikamgeukia yeye. Nikapata maharagwe yangu bila jicho hata moja. Ana tamaa huyu: ananinyang'anya hata aibu yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya mayai. Kipaza kanipa yai lake la kuchemsha. Eti hapendi kiini.

Nimeduwaa. Wahenga walisema adui yako mwombee njaa. Huyu ananishibisha! Lazima anataka nivimbiwe, nisinzie katikati ya swali. Nikala nusu tu, kwa tahadhari. Baadaye nikala nusu nyingine.

Nyumbani chai haina utamu siku hizi. Shangazi anasema kijiko kimepotea.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudi kwa mtaalamu, pamoja na Kipaza. Chungwa bado liko mezani, limegeuziwa ukutani. Uzito umepanda kidogo. Nikaomba radhi kwa udogo wake, akasema kidogo kinatosha, huu si mtihani. (Basi ni nini?) Kizunguzungu? Hakuna.

Akauliza, na huyu ni nani? Nikasema mpinzani wangu. Kipaza, papo hapo, akasema rafiki yake. Mtaalamu akatutazama kwa zamu, akaandika. Sijui kaandika lipi.

Kisha akasema niko sawa, niende mashindanoni. Kipaza akashangilia mpaka watu wakachungulia mlangoni. Kiti kimemponyoka, na anashangilia! Kitabu cha sayansi kimu hakisemi lolote kuhusu hili. Nimetazama.

Jumatatu, 17 Machi

Tumekuwa wa tatu. Kipaza alikuja kutazama na akatolewa ukumbini kwa kunishangilia kupita kiasi. Njama ya wazi ya kunivuruga. Bahati nzuri nimezoea sauti yake.

Sasa mashindano yamekwisha, mtaalamu karidhika, na sina tena sababu ya kupanga foleni. Kengele ya mchana ilipolia nilikwenda maktaba. Nikafungua kitabu. Nikasoma mstari mmoja, nikausoma tena, nikausoma tena. Adui yuko kule peke yake na meza nzima. Anapanga nini?

Nikafunga kitabu, nikaenda kwenye foleni. Mpishi akagonga sufuria, meza zikageuka. Nikachukua sahani mbili, nikazipeleka mezani kwa Kipaza. Leo ni siku ya mayai, na Kipaza hapendi kiini, kwa hiyo nikamenya yai lake, nikatoa kiini, nikakila mimi, nikamwekea sehemu nyeupe. Akaitazama. Akaila yote bila neno.

Kipaza, bila neno! Kuna jambo anapanga. Kesho nitakaa naye karibu zaidi.